Alama Nyekundu kwenye Nyumba ya Baba

Nyuma ya Soko Kuu,
9 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na lile goti lako, limeacha kukusumbua ngazini? Sisi huku wazima wa afya. Mimi tu ndiye kichwa kimenivimba kwa fahari, nivumilie.

Unajua mpwa wako aliajiriwa manispaa, idara ya ukaguzi wa majengo. Kazi yake ni nyumba zilizotelekezwa: anapima nyufa, anachora alama nyekundu ukutani, anabandika ilani mlangoni. Mwenyewe anapewa siku sitini kukarabati. Zikipita, inabomolewa.

Basi mwezi uliopita akaichora nyumba ya baba. Ndiyo, ile yetu! Nilikuta ilani mlangoni, chini yake sahihi ya mwanangu wa kumzaa. Nilifura. Nikanunua ndoo ya chokaa, nikapaka ukuta wa mbele kwa mkono wangu mpaka alama ikapotea, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Kesho yake alikuja na wenzake wawili. Akaugonga ukuta kidogo tu, plasta ikaporomoka miguuni pangu pamoja na chokaa yangu. Akachora tena.

Nikamwambia, "We mtoto, hata nyumba ya babu yako?"

"Mama, watoto wa shule wanapita chini ya ukuta huu kila asubuhi. Nimwandikie jirani ilani, nikuachie wewe?"

Nilimtazama akijaza karatasi zake, wanaume wazima wakimsikiliza, nikasema moyoni, kweli nimezaa.

Sasa neno lenyewe. Nyumba ni yetu wawili, na kibali cha ukarabati hakitoki bila sahihi zote mbili. Mimi nimeshatia yangu. Fundi anasema msingi bado imara, ila paa na ukuta wa mbele. Miaka kumi na moja mimi nakusubiri wewe, wewe unanisubiri mimi, popo wakahamia. Zimebaki siku thelathini. Fomu imo humu kwenye bahasha. Itie sahihi leo hii kabla hujaipoteza, nakujua.

Nisalimie wifi na pacha wenu, waambie shangazi yao anawakumbuka sana. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Na usimpigie simu mpwa wako kumwomba siku za ziada. Mimi mama yake nimemwomba, kaninyima, na tangu nizaliwe sijawahi kufurahia kunyimwa kitu kama hivi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima.