Kwa Nini Kanali Huchelewa

Jumapili, 3 Machi 2013

Episodi ya leo imenirudisha kwenye sofa ya Mama, mtaa wa Malvern, hapahapa Kanada. Mimi na mdogo wangu Firoz tumebanana, Mama katikati na sahani ya mihogo. Tamthilia za watu wanaorudi nyuma katika wakati zilikuwa zetu. Mama nusu ya Kiingereza haelewi, lakini adui lazima amtetee. Maskini, alikuwa akisema, huyu kakosa wa kumngojea.

Nazitamani zile jioni. Leo nimetazama peke yangu, mume wangu Sikander kalala na gazeti kifuani.

Adui wa sasa ni Kanali. Kila akisafiri anachelewa kwa saa sita nzima, anakuta mambo yamekwisha. Mashabiki mtandaoni wanachambana. Wengine: ni tobo la hadithi, waandishi wamekosea hesabu. Wengine: anachelewa makusudi, hana moyo. Mimi niko na hao wa pili. Watu wa namna hiyo nawajua.

Jumanne, 5 Machi

Baridi. Niko kazini, duka la dawa halina wateja. Nimechungulia jukwaa la mashabiki — maoni mia mbili juu ya Kanali! Upuuzi mtupu. Nimecheka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi kwenye jukwaa la mashabiki.

Kuna mtu kaandika, anajiita MogoMalvern. Mogo — ndivyo Mama alivyomwita Firoz, kwa uroho wake wa mihogo.

Anasema Kanali hachelewi. Aliambiwa saa tatu. Kwa kina mama yake siku huanza kunapokucha, saa tatu ni asubuhi. Yeye kaletwa Kanada mdogo. Tatu kwake ni ile ya kwenye saa ya ukutani, mchana, yaani saa tisa yetu. Kafika kwa wakati aliouelewa, kakuta kaburi limeshafukiwa.

Hakuna kaburi kwenye tamthilia hii.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetoa simu ya zamani kwenye droo, nikaichaji. Meseji ipo. Nilimwandikia Firoz mimi mwenyewe, 2009, siku Mama alipofariki: Mazishi kesho saa tatu. Usichelewe.

Siku zote nilimwandikia Kiingereza. Siku ile Kiswahili ndicho kilichonitoka. Alijibu okay.

Alikuja saa tisa, suti nyeusi, maua mkononi. Nikamwambia mbele ya watu, hata kumzika mama yako umeona tabu. Akatazama saa yake, akanitazama mimi. Miaka minne sijamsemesha.

Alijua. Palepale alijua! Angefungua mdomo tu, aibu ingekuwa yangu mbele ya ukoo mzima. Akaimeza. Ee Mungu, mdogo wangu.

Sikander anasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu yu hai, Farhat. Nenda.

Jumapili, 10 Machi

Usiku wamesogeza saa mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo Kanada kila Machi. Niko Malvern, ndani ya gari, mbele ya jengo la kina Firoz. Nimepiga simu, kapokea Shaista, mkewe. Nikamsikia ananong'ona kwa Kiingereza, ni dada yako. Halafu Firoz mwenyewe: Dada? Uko wapi? Kwa Kiswahili. Nikasema niko nje, nikakata simu.

Kashuka. Hana koti, na kandambili kwenye theluji hii. Ana mvi — Firoz na mvi! Anachungulia gari moja moja. Langu kalipita. Halijui, tulilinunua ndani ya hii miaka minne. Sasa anageuka kurudi mlangoni, na mimi hata kioo sijashusha, naandika tu. Naiacha kalamu, nafungua mlango.