Baba Aliisikia Dizeli kwa Mgongo

Bi Mwanahija, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usilitoe jina langu gazetini. Majina ya watu humu yote nimeyabadilisha. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, ninaishi Kerege na wazazi wangu. Tatizo langu linaanzia kwenye gari, kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo ya magari kwanza, maana nisipoyaeleza hutanielewa.

Baba yangu, nimwite Joachim, ni dereva wa gari la kubeba watoto wa shule ya msingi, gari la Mzee Bwanausi, na mimi huwa nakaa naye kiti cha mbele kwa sababu shule yangu iko njia hiyohiyo. Miaka yote tangu nilipokuwa mdogo aliendesha Haisi ya dizeli, nayo ilikuwa gari yenye vituko vyake, ukigeuza ufunguo unasubiri kwanza taa ya hita izimike ndipo upige stata, halafu inaamka kwa kukohoa, viti vinatetemeka, kioo cha pembeni kinacheza, na ukitaka kulipita lori unajifikiria mara mbili kwa sababu inachelewa kushika kasi, lakini kwenye mchanga wa njia ya kwetu ilikuwa inavuta taratibu kwa gia ya pili bila kulalamika, na ukiachia mafuta inajizuia yenyewe. Baba alikuwa akiweka kiganja juu ya fimbo ya gia na kuniambia, "Dizeli inakusemesha mgongoni, mwanangu. Huna haja ya kuuliza kitu." Na watoto walikuwa na desturi yao waliyoiiga kwa makonda, kugonga bodi, mara moja simama, mara mbili twende, na Baba hakuwahi kukosea hata siku moja.

Mwaka huu wazazi walilalamikia moshi na kelele, Mzee Bwanausi akaiuza ile Haisi na kuleta Noah ya petroli. Siku aliyoileta nyumbani aliiwasha akasimama pembeni anacheka. "Joachim, hii ndiyo gari! Imetulia kama paka wa msikitini. Husikii kitu!" Baba naye akacheka, akasema, "Kweli, Mzee, sisikii kitu." Sote tukacheka.

Noah ni nzuri, siwezi kuisema vibaya, haina klachi, ni nyepesi, ukigusa mafuta tu inaruka, ndani mna kitambaa na plastiki laini kila mahali. Lakini tangu ije Baba amekuwa dereva mwingine. Anapiga stata wakati gari limekwisha kuwaka, linasaga meno hadi watu wa kituoni wanageuka. Kwenye mchanga anakanyaga mafuta hadi injini inapiga yowe na yeye uso wake umetulia kabisa, kama mtu anayeangalia bahari. Jumapili moja aliliacha linaunguruma nje ya kanisa kuanzia wimbo wa kuingilia hadi baraka ya mwisho. Mama alidhani ni ugeni wa gari, nami nikadhani hivyo.

Mwezi uliopita tulikuwa tunamshusha mtoto mmoja anaitwa Samia, yuko darasa la kwanza. Mwenzake akavuta mlango na ukingo wa ushungi wa Samia ukabanwa, na Baba akaondoa gari. Watoto wakagonga bodi, lakini ile plastiki laini haitoi mlio wa maana, wakapiga kelele, "Anko, simama! Anko!" na mimi nikamwona Samia kwenye kioo changu anakimbia pembeni ya gari huku ameshika kichwa, nikapiga kelele karibu kabisa na sikio la Baba, "Baba, simama!" na Baba, Bi Mwanahija, alikuwa anatabasamu kidogo, anaangalia mbele. Nilipomvuta mkono ndipo akakanyaga breki. Ushungi ulikuwa umechanika, na ni kule kuchanika kulikomwokoa, Samia akaangukia magoti.

Mama yake, Mwajabu, alitoka mbio, na kabla hatujafungua midomo akamgeukia mtoto, "Nimekukanya mara ngapi kuruka gari halijasimama? Mtovu wa adabu! Baba, nisamehe, watoto hawa watakupa kesi ya bure." Samia aliniangalia mimi. Nilimwosha magoti kwa maji ya chupa, nikanyamaza. Baba naye alinyamaza. Njiani akasema, "Mama yako asilijue hili," na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Siku ya pili yake Baba alikuwa amechuchumaa anaosha tairi, nikasimama nyuma yake nikasema, "Shikamoo, Baba." Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi. Kimya. Nikasogea, akaona kivuli changu kwenye maji, akashtuka hadi akaangusha ndoo, akasema, "Mbona unaninyemelea?" Ndipo nikaelewa kwa nini watu wa mtaani wanasema siku hizi Joachim anaringa, haitikii salamu.

Sijamwambia mtu. Nikisema, Baba atapoteza kazi, na hajui kazi nyingine, na Mama anategemea hiyo pamoja na maandazi yake. Mpango wangu ni huu: nimwendee Mzee Bwanausi kwa adabu nimweleze kwamba dizeli inakula mafuta kidogo, inavumilia mchanga na injini yake inadumu, ili atafute Haisi nyingine, na Baba arudi kuendesha kama zamani. Hayo yote ni kweli, sitakuwa nimesema uongo. Je, nifanye hivyo? Bado nina matumaini.

Ni mimi, Binti wa Dereva, Kerege.

*

Marahaba, binti yangu. Umekuwa ukisubiri neno hilo, nami naanza nalo.

Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele, kwa sababu kila asubuhi ninayochelewa kukujibu, gari lile linajazwa watoto. Umeandika vizuri. Hoja zako za dizeli na petroli hazina kasoro, na fundi yeyote angekubaliana nawe. Lakini hukuniandikia ili nikuchagulie injini, na unalijua hilo.

Haisi haikuwa masikio ya baba yako. Ilikuwa pazia. Mtetemo ule ulimwambia habari za gari: gia, mzigo, bodi linalogongwa. Haukumwambia habari za barabara. Honi ya lori lililo nyuma haitetemeshi kiti. Mtoto anayelia nje ya dirisha hatetemeshi fimbo ya gia. Inawezekana kabisa miaka ya kukaa juu ya injini inayonguruma ndiyo iliyomla masikio polepole, naye asijue, kwa sababu injini ileile iliyokuwa inamla ndiyo iliyokuwa inamwongoza. Ukimrudishia dizeli, umemrudishia pazia. Watoto wako palepale.

Na hapa nitakugombeza kidogo. Unasema hutakuwa umesema uongo. Kweli tupu ikitumika kuficha kweli nyingine inafanya kazi gani? Fikiri juu ya Samia. Amekosewa mara mbili: mara ya kwanza na mlango, mara ya pili na nyinyi wawili mliosimama mkamwacha aitwe mtovu wa adabu. Yule mtoto ana miaka ya darasa la kwanza na tayari anajua kwamba wakubwa wakinyamaza pamoja, mdogo ndiye mwenye kosa. Nenda kwao. Mbele ya mama yake useme, "Samia hakuruka." Useme hata kama Mwajabu atapaza sauti. Ana haki.

Sasa sikiliza. Mzigo huu si wa mwanafunzi. Leo hii, ukimaliza kusoma hapa, mwambie mama yako, yote, pamoja na ushungi. Baba alikuomba unyamaze kwa aibu; aibu ya mtu mzima si amri. Mama yako ndiye atakayekwenda naye hospitali ya wilaya Bagamoyo apimwe masikio. Huenda ni nta tu iliyoganda, ikisafishwa akasikia hata majani yakianguka. Huenda ni uharibifu usiorudi, na hapo kuna vifaa vya kuvaa sikioni vinavyosaidia wengine, si wote. Mimi si daktari, sikuahidi. Lakini mpaka apimwe, asimbebe mtoto yeyote, si kwa petroli wala kwa dizeli. Hata siku moja zaidi, hapana.

Kuhusu Mzee Bwanausi: usiende wewe. Aende baba yako mwenyewe, kwa miguu yake, akaseme kabla hajasemewa. Sikwambii kwamba kazi itabaki. Huenda isibaki, na nyumba yenu itakuwa na miezi migumu, na maandazi ya mama yatabidi yaongezeke nawe uamke kuyakanda. Nimeipima hasara hiyo na ushungi uliochanika. Siku nyingine kitambaa kitakuwa kigumu zaidi.

Unasema bado una matumaini. Yashike, ila yahamishe kutoka kwenye ile Haisi iliyouzwa, uyaweke kwa mtu. Baba yako amekuwa peke yake ndani ya kimya kile muda mrefu, akitabasamu ili asiulizwe, na mtaa mzima unamwita mwenye maringo. Wewe ndiye wa kwanza kujua kwamba haringi.

Basi mama yako akishajua, kaeni pamoja na baba yako. Usimsemeshe kwa nyuma tena, wala kwa kelele. Zunguka, chuchumaa mbele yake mahali anapouona mdomo wako, umwamkie. Ngoja akuitikie. Akishasema marahaba, mwambie.