Kori Nane na Kompyuta ya Zamani

Julieth, usinipigie! Niko kwenye kikao cha chama chetu cha wafuga nyuki, naandika chini ya meza.

Ile kompyuta mpya niliyowashauri wanunue, unaikumbuka? Ina kori nane, yaani kama bongo nane ndani ya mashine moja. Nikasimama mbele ya watu nikazidisha: kori nane mara gigahezi mbili za kasi, kumi na sita! Nikapigiwa makofi. Makofi, shoga!

Leo mwenyekiti, Mzee Lugembe, kaiambia itoe orodha ya asali ya msimu mzima. Dakika ishirini sasa, kiduara kinazunguka tu. Ile ya zamani ilikuwa inatumia kumi na mbili.

Akaitwa fundi Eliya kutoka Kitete, mtaa wa jirani. Kaangalia, kacheka. Kacheka, Julieth! "Dada Advera, kori hazizidishwi hivyo. Programu yenu inatumia moja tu, saba zimekaa bure. Na hiyo moja ni gigahezi mbili. Ile ya zamani ilikuwa na kori mbili, lakini kila moja ilikimbia gigahezi tatu na nusu."

Nikainuka kama naenda chooni. Mzee Lugembe akasema, "Kaa, mwanangu." Nikakaa.

Halafu kamtuma Pelagia wa stoo akailete ile ya zamani.

Haipo stoo. Iko sebuleni kwangu, wanangu wanaangalia katuni. Nilisema ni ya kutupa, nikaichukua. Na niliamini kweli ni ya kutupa! Nani atakubali leo kwamba nilikuwa sijui?

Pelagia anajua, na bado katoka kwenda stoo kana kwamba ataikuta. Ndiye aliyenisaidia kuifunga kwenye bodaboda.

Nasikia kandambili zake zinarudi.