Pipa Lililopita Mizani

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wapwa zangu. Natumaini nyote mu wazima. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio hautulii. Barua hii nimempa jirani yako mshonaji akukabidhi mkononi, kwani simu yako siku hizi anaipokea shemeji.

Unajua kazi yangu ni kupima malori langoni, hapa kiwandani tunapochoma taka za mji kupata umeme na maji ya moto ya majumbani. Tangu mwezi uliopita tanuri limekuwa halieleweki. Moshi ulibadilika rangi, mabomba yakaanza kuliwa na kutu. Meneja alimshuku fundi wa tanuri kwamba anasinzia kazini. Fundi akawashuku wachambuaji taka. Wachambuaji wakanitazama mimi kwa jicho la pembeni. Hata chai tukawa tunakunywa kila mtu kivyake.

Nami nikaanza kunusa malori. Dereva mmoja aliandikisha kwamba ametoka sokoni, lakini mzigo wake haukunuka kabichi wala nyanya zilizooza. Ulinuka rangi, na matairi yalibonyea kana kwamba kabeba mawe. Nilipomwuliza, alicheka akasema nimekosa mke, ndiyo maana nahangaika na harufu za watu. Nikacheka naye, nikafungua lango.

Jumanne asubuhi pipa lililofichwa ndani ya taka lililipuka tanurini. Fundi aliungua mikono yote miwili, na kuhusu jicho lake la kushoto madaktari bado hawajasema kitu. Meneja akampelekea barua ya kumsimamisha kazi hapo hapo kitandani.

Dada, dereva yule ni mumeo. Nimejua kwa majuma matatu kwamba anafukia mapipa ya kemikali za kiwanda cha rangi chini ya taka za soko, nikanyamaza kwa ajili yako. Jana nimeandikisha maelezo polisi. Nimemtaja yeye, na nimejitaja mimi. Ukinichukia sitakulaumu.

Ila kabla hujanichukia, nenda uani. Jana yamefukuliwa mapipa mengine matatu kwenye shimo la taka hapa kiwandani, ya bluu, yamebanduliwa karatasi ubavuni. Ni sawasawa na lile alilokuletea mumeo la kuwekea maji. Mwaga maji yote. Watoto wasinywe tena hata tone, na kesho wapeleke hospitali.

Naishia hapa. Nikumbatilie wapwa zangu.

Ni mimi mdogo wako ninayekufuata.