Memo Yetu kwa Ajili ya Sudani

Jumatatu, 4 Agosti
Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne. Nimechapa CV tatu, mkataba wa shamba la Alimbongo na tangazo la ndoa. Kazi ya secrétariat hapa Butembo ndiyo hiyo, kuchapa mambo ya watu.

Mchana rafiki yangu Idrissa ameingia kutoka Beni. Hakuketi. Kaka yake Sadiki bado yuko El Fasher. Alienda Sudani kusoma, akaoa, vita ilipoanza akamfuata mke kwao. Sasa mji umezingirwa, watu wanakula mashudu ya mifugo. Idrissa anataka sisi vijana tumwandikie mheshimiwa mbunge memo: aisukume serikali iseme wazi, njia ya chakula ifunguliwe. Nimekubali. Memo nazijua, vidole vyangu vinazichapa vyenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimezunguka soko na karatasi ya saini. Asubuhi nzima, saini kumi na moja. Aibu.

Muuza viatu amenicheka mbele ya watu. "Batu banaisha huku, na munaenda kulilia Sudani?" Nimechukua kalamu yangu, nimeondoka. Huku kwetu watu wanauawa, najua. Mjomba wangu alizikwa Mangina bila sisi kufika, njia haikuwa salama. Mimi sihitaji mtu wa kunikumbusha wafu wetu.

Jumamosi, 9 Agosti
Beni kwa pikipiki. Mgongo umekwisha. Idrissa amenipeleka commune ya Ruwenzori, sehemu ya mji wa Beni, kwa watu waliokimbia mashamba yao. Niliogopa watatufukuza.

Mama mmoja, amekimbia mara tatu, ameuliza jambo moja tu. "Batoto yabo banakula nini?" Nikamwambia. Akaomba wino, akaweka kidole gumba. Halafu akaita majirani. Karatasi mbili zimejaa, pande zote. Nimetamani yule wa viatu awepo aone.

Jumatano, 13 Agosti
Nimeamka mapema nichape kabla umeme haujaenda. Nimetumia muundo wa memo ya mwaka jana, ile ya mauaji ya kwetu. Kurasa mbili. Idrissa amesoma, amesema ni nzuri. Vijana wenzetu wamesema vilevile.

Tumeipeleka vijana sita kwenye ofisi ya mheshimiwa. Mhuri, accusé de réception kuonyesha wameipokea, picha mlangoni. Idrissa amecheka kwa mara ya kwanza tangu nijue habari za kaka yake. Nimelala mchana kama mtu aliyemaliza kazi.

Ijumaa, 22 Agosti
Hakuna.

Nimepiga simu ofisini. Katibu anasema mheshimiwa yuko Kinshasa. Mchana nimemwona kwenye Facebook, anacheza kwenye harusi hapo Beni. Sadiki naye kimya, siku ya sita. Idrissa ananiuliza kila saa kama jibu limekuja. Nimeanza kuzima simu. Najua si vizuri.

Alhamisi, 28 Agosti
Jibu limekuja. Nimelifungua nikiwa nimesimama, wateja wakinitazama.

Mheshimiwa anawashukuru vijana kwa kujali usalama wa commune ya Ruwenzori. Anawaomba wawe watulivu na washirikiane na jeshi. Basi. Sudani haimo hata mara moja.

Nimetoa nakala yetu. Juu kabisa, penye Objet, mstari wa kusema barua inahusu nini: hali ya usalama katika commune ya Ruwenzori. Sikuibadilisha. Nimebadilisha kila kitu chini yake, ule mstari nikauacha. Ni mimi. Idrissa hakuuona, sita tulioipeleka hatukuuona. Tumezoea kuuona hapo.

Halafu nikatafuta jibu la mwaka jana kwenye faili. Ni lilelile, neno kwa neno, tarehe tu ndiyo tofauti. Kwa hiyo hata wafu wetu walisomwa mstari mmoja tu, ule wa juu. Nimejichukia hadi saa nane. Baada ya hapo nimewachukia wao wa ofisini.

Ijumaa, 29 Agosti
Nimeenda Beni kumwambia Idrissa uso kwa uso. Hakunigombeza. Amekunja ile karatasi, amerudi kwa wateja wa duka la baba yake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 1 Septemba
Nimerudi ofisini kwa mheshimiwa na memo iliyosahihishwa. Peke yangu. Katibu ni mzee wa umri wa baba. Alishika mhuri kabla hajaona karatasi. Nikamwambia, papa, leo nitakusomea kwanza.

"Hapa hatusomake, tunapokea. Tunaangaliaka objet."

Nikasoma nikiwa nimesimama. Niliona aibu, nikaendelea. Alikuwa anapanga bahasha. Mtu aliingia nyuma yangu na barua yake, nikasikia anaguna. Sikugeuka. Ukurasa wa pili, penye mashudu, katibu aliacha bahasha.

"Rudilia kidogo, dada. Iyo muji inaitwa je?"

Nikamwambia. Akaiandika kwenye daftari lake, polepole. Akauliza kama tuko na mutu wetu kule. Nikasema ndiyo, ingawa simu ya Sadiki imenyamaza siku kumi na sita. Akavuta kiti kutoka upande wake, akanisogezea.

Nikaketi, nikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza.