Kizimba cha Nopal

Yadira, huko mtaani Narvarte mko salama? Jibu!!

Mimi mzima. Naandika mbiombio, usinicheke makosa ya herufi.

King'ora cha tetemeko kimelia niko jikoni. Hata viatu sikuvaa. Nikabeba kizimba cha Nopal na blanketi lake juu, si unajua namfunika huyu mtoto wa mbwa ili alale. Nimeteremka nacho ghorofa tano, Yadira! Kuta zinalia, taa zinabembea, mimi namwambia, "Tulia mwanangu, mama yupo."

Kimya. Nikajua mafunzo ya kizimba yamemwingia, halii tena.

Kufika barabarani, doña Eulalia wa ghorofa ya chini akafunua blanketi. "Mbwa yuko wapi?"

Kitupu. KITUPU, shoga! Uzito wote ule ni chupa ya maji ya moto niliyomwekea asihisi baridi. Mlango wa kizimba niliuacha wazi tangu asubuhi ili akizoee.

Nikageuka nirudi juu. Jengo bado linayumba. Don Fermín mlinzi akanidaka kiunoni, "Unakwenda kufa wewe?" Nikamng'ata mkono. Ndiyo, nimemng'ata!

Eulalia akanyoosha kidole.

Nopal yuko chini ya mti wetu, kachuchumaa, anakojoa. Wiki tatu nimemfundisha huyu mtoto wa mbwa: mlango wa nyumba ukifunguka, mbio hadi mtini. Nilipoufungua, alinitangulia.

Nikakaa chini nikalia. Fermín, huku anasugua mkono wake, akalitazama gauni langu lililolowa kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Mwenzio kafika mtini, mama. Wewe umeishia ngazini."