Majani Mnayomchemshia Baba

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani. Goti lako linaendeleaje, na kahawa mmemaliza kuchuma? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hauko mahali pake, na leo sitazunguka sana.

Naandika kwa sababu simu yako huwa kwenye spika na Baba anasikia kila kitu. Nikitaja hospitali, anakata. Barua hii ataileta jirani yetu Muthoni, anayerudi nyumbani Gakindu kesho. Isome ukiwa shambani, peke yako.

Unakumbuka nilivyojigamba nilipopata kazi hapa kiwandani? Nilikwambia tunaloweka chai za mitishamba, kikombe kimoja maji baridi, kingine vuguvugu, kingine yanayotokota, halafu wataalamu wanapima antioksidanti, vile vitu vinavyosaidia kulinda mwili. Nikasema maji ya moto huvitoa vingi zaidi. Nilijiona daktari, mimi niliyeajiriwa kuosha vikombe.

Nawe ukaenda kuchemsha. Juzi ulinieleza kwa furaha: "Ile majani Baba alinunua huko Ruring'u, naweka kwa moto asubuhi mpaka saa nane, inakuwa nyeusi kabisa. Si ulisema moto ndio inatoa dawa? Anakunywa thamosi mbili kwa siku. Hata ile tembe ya presha ameacha." Kisha, kama jambo dogo tu, ukaongeza kwamba miguu imemvimba hadi viatu haviingii, na siku hizi anakojoa kidogo sana.

Mama, sisi chai isiyotokota hatuiiti chai. Lazima ikae motoni mpaka ikolee. Nilisahau hilo. Huku majani hukaa majini dakika chache, basi. Nilipomweleza mkuu wangu, aliuliza yenu ni ya mti gani. Sikujua. Akasema maji ya moto hayachagui, yanatoa kizuri na kibaya pamoja, na kuna majani yanayoharibu figo.

Kosa ni langu. Nilikueleza nusu ya jambo kwa sababu ndiyo iliyokuwa tamu. Tafadhali, ile sufuria imwage. Majani yaliyobaki yafunge kwenye karatasi daktari ayaone, na Baba apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hizo tembe asizirudie kwa kubahatisha, daktari ndiye aseme. Akikukasirikia, mwambie ni mimi niliyewapotosha.

Nisalimie Shosho, mama yako, na umwambie asionje hiyo dawa hata kijiko. Msalimie kaka yangu Kariuki. Nilimpigia, akaniambia, "Mzee akikataa amekataa, mimi nitado nini?" Mwambie atafute gari hata kama mzee amekataa.

Baba simtumii salamu kwa karatasi. Unajua nina jina la mama yake, na tangu nizaliwe ananiita Maitu, yaani mama. Jumapili nilimpigia, nikamsalimu kama kawaida. Akauliza kwa upole, "Ni nani huyo?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikamtajia jina langu. Akauliza tena.

Ni mimi binti yako,
Wanjiru